Kupamba kwa kamera mbili: moja ghafi, moja JPEG

Kisa hiki ni cha usiku mmoja wa kupamba, ile shughuli ya harusi ambapo bi harusi aliyepambwa huonyeshwa kwa wanawake wenzake, Mombasa, katika ukumbi wa kukodi usio mbali na Mji wa Kale. Tulikuwa wapiga picha wawili, wote wanawake, kwa kuwa kupamba ni shughuli ya wanawake na mwanamume haingii. Mimi nilishika Nikon D750 inayorekodi mafaili ghafi, yale ambayo kwenye menyu ya kamera huandikwa RAW, yaani picha ambayo kamera bado haijaifanyia kazi. Mwenzangu, tuliyefanya kazi pamoja misimu miwili, alishika Canon yake ya megapikseli 24, aliyoiweka irekodi JPEG peke yake, yaani picha ambayo kamera imeshaikamilisha na kuibana. Asubuhi yake tulizifungua kadi zote mbili kwenye kompyuta moja. Picha zake za usiku ule, 640, zilikuwa za rangi ya chungwa, kuanzia gauni mpaka weupe wa macho.

Ninakiandika kisa kizima kwa sababu swali la "nipige RAW au JPEG" nalisikia kila wiki, na majibu mengi hutolewa na watu wanaotaja faida na hasara bila kuwa na kazi hata moja mbele yao. Mimi ninayo. Familia imeniruhusu kueleza kazi bila kutaja watu, kwa hiyo hapa hapana jina wala sura ya mtu.

Usiku wenyewe

Siku moja kabla ya kupamba, bi harusi alitiwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi. Alasiri ile tulikuwa uani kwa shangazi yake, chini ya mwembe, na mwenzangu akaiweka mizani ya weupe kwenye alama ya kivuli, kile kijumba chenye mistari ubavuni. Mizani ya weupe ni ile menyu yenye jua, wingu, balbu na tyubu, inayoiambia kamera nuru ya mahali ina rangi gani. Kivulini nuru hutoka zaidi angani kuliko juani, kwa hiyo ina usamawati, na kamera ikishaambiwa hivyo huongeza wekundu ili ngozi isionekane kama ya mtu mgonjwa. Alifanya sawa kabisa. Picha za mikono alizopiga pale ni katika kazi zake nzuri kuliko zote: mstari wa piko mwembamba kama uzi, kiganja chenye hina bado kibichi, ngozi ya kahawia yenye uhai. Zilikuwa JPEG na hapakuwa na haja ya kuwa kitu kingine. Kabla ya isha, mama bi harusi alikwisha kuwatumia ndugu zake walioko Maskati kumi kati ya hizo.

Alama ile ya kivuli ikabaki pale pale mpaka kesho yake usiku.

Ukumbi ulikuwa na nuru za aina tatu. Juu zilining'inia taa kubwa zenye balbu za manjano. Jukwaani fundi wa taa alikuwa amefunga taa za LED zinazobadilika kutoka zambarau kwenda bluu. Na mwanamke aliyekuwa akirekodi video alikuwa na taa yake nyeupe juu ya kamera, inayomfuata bi harusi kila aendako. Rangi ya nuru hupimwa kwa kelvini: kadiri namba inavyopanda, nuru ina usamawati zaidi. Balbu za manjano zina joto la rangi la karibu kelvini 3,000. Alama ya kivuli kwenye Canon inaichukulia nuru kuwa ya karibu kelvini 7,000. Kwa hiyo kamera ilipewa nuru ambayo tayari ni nyekundu, ikaambiwa ni ya samawati, ikaongeza wekundu juu ya wekundu.

Kwa nini hakuiona? Hilo nimelifikiria sana kwa sababu ni mtu makini. Jicho la binadamu likikaa katika nuru ya manjano kwa muda huizoea na kuihesabu kuwa nyeupe. Kioo cha kamera nacho kilikuwa kinatazamwa katika nuru ile ile, kwa sekunde moja, katikati ya vigelegele na watu wanaopita. Alichokuwa akikikagua ni ukali wa picha na kama macho yamefumba. Kwa haraka ile ningekagua hayo hayo.

Na nilikuwa nimekosea vile vile. Kamera yangu ilikuwa kwenye alama ya jua tangu adhuhuri, nilipopiga gauni likiwa limetundikwa barazani. Kosa lile lile, katika kamera mbili, ukumbi mmoja. Kwangu lilichukua dakika mbili kulirekebisha. Kwake halikurekebishika.

Kilichomo ndani ya kila faili

Ili kuelewa tofauti hiyo lazima tuanze na kitambuzi cha kamera. D750 ina pikseli milioni 24 hivi, na juu ya kila pikseli pamewekwa kichujio cha rangi moja tu: nusu ya pikseli zimefunikwa kwa kijani, robo kwa nyekundu, robo kwa bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na ukapewa hataza mwaka 1976. Kamera nyingi za leo bado zinautumia. Kila pikseli inahesabu tu kiasi cha nuru iliyopita kwenye kichujio chake. Haijui kama nuru hiyo ni ya balbu, ya jua au ya kivuli.

Faili ghafi linahifadhi hesabu hizo. Kwenye kamera yangu kila hesabu ina biti 14, maana yake ngazi 16,384 kutoka giza mpaka nuru kamili. Alama niliyochagua kwenye mizani ya weupe inaandikwa pembeni tu kama maelezo, na hesabu zenyewe hazikuguswa. Nilipofungua mafaili yangu kwenye Lightroom, programu ya kusafishia picha, na kushusha kelvini mpaka karibu 3,000, programu iliyapuuza maelezo ya zamani ikaanza upya na hesabu zile zile. Sikuwa nimepoteza kitu.

Kwa JPEG, kamera inaifanya kazi yote papo hapo. Inakisia rangi mbili zinazokosekana kwa kila pikseli. Inazidisha nyekundu na bluu kulingana na alama uliyoweka. Inaongeza utofauti wa giza na nuru, inafuta chenga (zile punje punje zinazotokea nuru ikiwa hafifu), inanoa kingo. Kisha inakata kila rangi ibaki na biti 8, yaani ngazi 256. Baada ya hapo picha inagawanywa katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kiraba yale mabadiliko madogo ambayo jicho halitatambua kuwa hayapo yanatupwa, zaidi yale ya rangi kuliko ya mwangaza. Kinachobaki ndicho kinachoandikwa kwenye kadi. Hesabu za mwanzo zimekwenda.

Sisemi haya kwa kuidharau JPEG. Kiwango hicho kilipitishwa mwaka 1992, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna kilichoiondoa kabisa simuni, magazetini wala kwenye fremu za sebuleni. Picha yangu ghafi moja ina karibu megabaiti 28. JPEG yake ya ubora wa juu ina kama 12, na ukiibana zaidi bado mtu wa kawaida haoni tofauti. JPEG iliyopigwa kwa mizani sahihi na mwangaza sahihi ni picha kamili. Ila ni kama piko: likishakauka kwenye ngozi, mchoro ndio huo.

Sasa tazama picha moja ya mwenzangu, bi harusi akiwa amekaa, mikono magotini. Nilipima sehemu ya bega la gauni: nyekundu ilikuwa 255, kilele cha mwisho, na ilikuwa 255 kutoka bega mpaka kiwiko. Mikunjo yote ya kitambaa ilikuwa imepotea katika rangi hiyo. Shavuni mwake bluu ilikuwa chini ya 30. Ili kurudisha ngozi katika rangi yake lazima nyekundu ipunguzwe na bluu izidishwe mara tatu au nne. Unapozivuta ngazi chini ya 30 zijaze nafasi ya ngazi 100, unapata mapengo. Viraba vile vya 8 kwa 8 vikajitokeza shavuni, kimoja kikiwa na ukijani, jirani yake na ukijivu. Nilijaribu saa nzima kwa picha ile moja. Nilichopata ni uso wenye madoa, kwa mwanamke aliyepambwa kwa saa tano.

Jambo hili linawauma zaidi wapiga picha wa ngozi nyeusi na za kahawia, na ninataka lisemwe wazi. Katika chumba chenye balbu za manjano, ngozi yetu inarudisha bluu kidogo sana, kwa hiyo JPEG yenye mizani mbaya inaanza kufilisika usoni kabla ya mahali pengine popote. Zaidi ya hapo kuna gauni jeupe. Kamera ikipimia gauni, uso unaingia gizani. Na giza la uso katika JPEG ndipo penye ngazi chache na viraba vikubwa. Katika faili ghafi uso ule ule ulioingia gizani bado una mamia ya ngazi za kufanyia kazi.

Kosa langu lililo kubwa zaidi

Wageni walipokuwa wakila biriani, mama bi harusi alinijia. "Mwanangu, hebu nipe mbili tatu niwatumie Maskati, wanangojea." D750 ina menyu ya kusafisha faili ghafi ndani ya kamera yenyewe na kutoa JPEG. Nikakaa kwenye kiti cha nyuma, nikachagua picha sita, nikaziona za manjano, nikahamisha mizani kutoka jua kwenda balbu, nikazitoa, nikazirusha kwenye simu kwa Wi-Fi ya kamera. Zilipendeza. Mama alifurahi.

Kisha nikasimama, nikaendelea na kazi, na sikumwambia mwenzangu lolote.

Hapo ndipo kisa hiki kilipo hasa. Niliiona mizani yangu ni mbaya nusu ya usiku ikiwa bado mbele. Bi harusi alikuwa hajaingia. Lau ningemwuliza, "Mdogo wangu, wewe yako iko wapi?", angeitazama, angebadilisha, na nusu ya pili ya kazi yake ingekuwa salama. Sikuuliza kwa sababu kwangu kosa lile halikuwa na uzito tena. Faili ghafi lilikuwa limeniokoa, na kwa kuniokoa likanifanya nisilione kuwa ni kosa. Miaka minne ya kupiga ghafi ilikuwa imeniondolea tabia ya kutazama menyu ile. Mtu anayepiga JPEG hawezi kumudu kuipoteza tabia hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kazi. Kabla ya kuingia ukumbini nilikagua betri zake na kadi zake. Mizani sikuikagua.

Ambacho faili ghafi halikuokoa

Ningekomea hapo ningekuwa nimesema nusu. Kadi yangu nayo ina makaburi yake.

La kwanza ni zambarau. Bi harusi alipopanda jukwaani, fundi alikuwa amezima manjano yote na kuacha zambarau na bluu. Taa za LED za aina hiyo hazitoi nuru yenye rangi zote. Zinatoa kipande chembamba cha bluu na nyekundu kidogo. Pikseli za bluu zilijaa mpaka kilele, na pikseli za kijani zilipata karibu na hakuna. Hapo hesabu zenyewe ndizo zilizokosekana, na mizani ya weupe haina cha kupima. Niliziteremsha kelvini, nikazipandisha. Gauni lilibaki bluu tupu lisilo na ushanga hata mmoja unaoonekana. Ghafi na JPEG zilikuwa sawa kabisa pale jukwaani, kwa ubaya.

La pili ni histogramu, na hili wengi hawalijui. Mchoro wa mwangaza unaouona kwenye kioo cha kamera, hata ukiwa unapiga ghafi, hautokani na hesabu ghafi. Unatokana na JPEG ndogo ambayo kamera inaitengeneza na kuificha ndani ya faili ghafi kwa ajili ya kioo. Mizani yangu ilikuwa kwenye jua, kwa hiyo JPEG ile iliuzidisha wekundu, na mchoro wa nyekundu ukagonga ukuta wa kulia. Nikadhani nimezidisha nuru. Nikapunguza stopu moja nzima, yaani nusu ya nuru, kwa karibu nusu saa, bila sababu yoyote. Hesabu za kweli zilikuwa na nafasi bado. Matokeo yake nyuso za wageni wa nyuma zina chenga ambazo zisingekuwapo. Niliposema mizani katika faili ghafi ni maelezo ya pembeni tu nilisema kweli, ila maelezo hayo yanamdanganya mpigaji pale pale anapofanya uamuzi usiorudi nyuma, nao ni kiasi cha nuru.

(JPEG hiyo iliyofichwa ina jambo jingine la kuangaliwa katika kazi yetu. Baadhi ya akina mama huamini kuwa picha ghafi haziwezi kufunguliwa na mtu asiye fundi, kwa hiyo hata kadi ikipotea siri iko salama. Sivyo. Simu nyingi zinaweza kuitoa JPEG iliyo ndani na kuonyesha wanawake waliovua buibui zao kwa kuamini kwamba wako peke yao. Kadi ya ghafi inalindwa kama kadi nyingine yoyote, na mimi huifuta mbele ya familia baada ya kukabidhi.)

La tatu ndilo lililoniuma. Bi harusi alipoingia kupitia mlango mkubwa, harufu ya asumini ilitangulia, vigelegele vikapaa, nami nikashikilia kitufe. Kwa ghafi ya biti 14, D750 inapiga mfululizo kama picha 15 kabla ya kumbukumbu yake ya ndani kujaa. Inapiga 6 na nusu kwa sekunde. Baada ya sekunde mbili na kitu kamera ikaanza kusuasua, picha moja, kimya, picha moja, kimya, huku taa ya kadi ikiwaka. Katika kimya kile mama yake alitoka katikati ya watu, akamshika mwanawe mashavu yote mawili kwa viganja, na machozi yakamshuka kabla hajasema neno. Nilikuwa nimesimama mita tatu kutoka kwao na kamera iliyojaa.

Mwenzangu aliipata. JPEG zake ni ndogo, kamera yake haikukwama. Ana picha kumi na moja za tukio lile, zote za chungwa.

Kuitoa picha kwenye kijani

Kwa siku mbili nilidhani zile kumi na moja zimekufa. Kilichozifufua ni hesabu rahisi. Kamera inaporekebisha mizani ya weupe, kwa kawaida kijani huachwa kilivyo. Nyekundu na bluu ndizo zinazozidishwa juu au chini ili zilingane nacho. Kwa hiyo kosa la mizani huangukia zaidi hizo mbili. Nikafungua picha ile nikatazama rangi moja moja. Nyekundu ilikuwa imeungua. Bluu ilikuwa matope. Kijani kilikuwa picha nzuri kabisa: mikunjo ya gauni ipo, ushanga upo, mistari ya piko kwenye vidole vya bi harusi juu ya mikono ya mama yake ipo, na chozi linaonekana.

Nikatupa rangi mbili, nikabaki na kijani peke yake, nikakifanya nyeusi na nyeupe. Nikapandisha kidogo mwanga wa nyuso kwa sababu ngozi ya kahawia katika kijani hutoka nzito kuliko ilivyo. Piko tu ndilo lililobaki na dosari. Kamera yake ilikuwa kwenye ISO 6400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa nuru, na ikipanda chenga huongezeka), na ufutaji wa chenga wa ndani ulikuwa umeilainisha michoro ile midogo kwenye vifundo vya vidole, ikawa kama imepakwa kwa kidole chenye maji. Hilo halirudi. Kwenye mafaili yangu ya ISO hiyo hiyo nilichagua mwenyewe chenga kiasi gani zibaki, na mistari ya piko ikabaki mikali.

Picha 57 za mwenzangu ziliokolewa kwa njia hiyo, zote nyeusi na nyeupe. Zilizobaki, picha za wageni mezani na za watoto, zilihitaji rangi, na hazikukabidhiwa. Tuliieleza familia ukweli wote, tukarudisha sehemu ya malipo. Mama bi harusi aliitazama ile ya mashavu kwa muda mrefu. Akauliza kama inaweza kuchapwa kubwa. Ndiyo iliyoko ukutani kwao sasa. Katika picha zote za kazi ile, iliyochaguliwa ni JPEG iliyoharibika, na ghafi yangu ya dakika ile haipo.

Hoja za mwenzangu, na nilizokubali

Baada ya kazi nilitaka kumwamuru apige ghafi siku zote. Alinijibu kwa utulivu: "Dada, nionyeshe nitakapoyaweka." Ana haki. Kazi yangu ya usiku ule, picha 900 hivi, ilikula gigabaiti 25. Zake 640 hazikufika 6. Kompyuta yake ni ya zamani, na kufungua faili ghafi moja ndani yake ni kuliweka na kwenda kuchota maji. Diski mbili za nakala zinagharimu malipo ya shughuli nzima. Nusu ya kazi zake ni mikutano ya semina mchana, ambako mteja anataka picha jioni ile ile na nuru haibadiliki kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Kwa kazi kama hiyo JPEG ndiyo jibu, na sioni aibu kulisema.

Wapo pia wasioruhusiwa kuchagua. Novemba 2015 shirika la habari la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasilitumie tena picha zilizosafishwa kutoka mafaili ghafi, watume JPEG zilizotoka kamerani, zikiwa zimekatwa au kurekebishwa kidogo tu. Sababu walizotoa ni mbili, uaminifu wa picha na kasi. Kwa anayepiga habari, ile nguvu ya kubadilisha kila kitu baadaye, ambayo kwangu ni wokovu, kwake inaleta shaka. Mimi sipigi habari. Mama aliyempamba mwanawe hataki ushahidi, anataka gauni liwe jeupe kama lilivyokuwa jeupe.

Tulichokubaliana ni hiki. Katika kupamba, na shughuli yoyote ya usiku yenye taa zilizochanganyika, wote wawili tunapiga ghafi, na mafaili yake yanasafishwa kwenye kompyuta yangu. Uani, barazani na mchana anapiga JPEG akipenda, kwa sharti kwamba anapiga kwanza picha moja ya karatasi nyeupe mahali penyewe na kuiambia kamera, hii ndiyo nyeupe. Canon yake inaweza hilo, na halizidi dakika moja.

Kwangu nimebadilisha mambo mawili. D750 ina nafasi mbili za kadi. Sasa ya kwanza inapokea ghafi na ya pili JPEG, ili kadi moja ikifa nisibaki mikono mitupu, na ili Maskati wasingojee. Kuandika mafaili mawili kwa pamoja kunaibana kumbukumbu ya kamera zaidi, kwa hiyo katika kuingia kwa bi harusi narudi kwenye ghafi peke yake. La pili, nimeshuka kutoka biti 14 hadi biti 12 zilizobanwa bila upotevu. Faili linapungua mpaka karibu megabaiti 22, na mfululizo unapanda kutoka kama picha 15 hadi kama 25. Nimeweka picha za biti 12 na 14 sambamba, za ukumbi kama ule, katika ISO za 3200 na 6400. Katika nuru hafifu namna hiyo chenga zenyewe zinafunika tofauti, sijaweza kuiona. Kwa gauni lililo juani ningebaki na 14.

Na kabla ya mlango kufunguliwa tunasimama, tunabadilishana kamera, kila mmoja anasoma menyu ya mwenzake kwa sauti. Ukubwa wa faili, mizani, ISO, nafasi iliyobaki kwenye kadi. Wale wanawake wa mlangoni wanatushangaa.

Jumamosi ijayo tuna kupamba kwingine, ukumbi ule ule, fundi wa taa yule yule. Nimekwisha kumpigia simu. Amekubali kwamba tangu bi harusi atakapokanyaga ngazi ya jukwaa, kwa dakika kumi, zambarau itazimwa na manjano yatawashwa.